Mchanga Haushindwi kwa Nguvu

Gari ambalo injini yake huyazungusha magurudumu yote manne kwa pamoja ni chombo chenye manufaa makubwa katika nchi za njia mbovu. Limefikisha dawa na waganga mahali ambapo gari la kawaida lingekwama kwa siku mbili. Lakini sifa hiyo imezaa dhana potofu, nayo ni kwamba mwenye gari la namna hiyo aweza kupita popote apendapo, hata juu ya vilima vya mchanga vya pwani. Dhana hii ina hasara mbili. Ya kwanza humpata dereva na gari lake. Ya pili huwapata watu wote wa kisiwa. Yafaa tuzieleze zote mbili, kwa faida ya wananchi na ya wale waliokabidhiwa dhamana ya magari ya umma.

Tuanze na ile ya dereva. Chembe za mchanga mkavu hazishikani. Tairi lililojaa upepo huwa gumu, likagusa mchanga kwa sehemu ndogo tu, na uzito wote wa gari ukakaa hapo. Matokeo yake ni kukata na kuzama. Dereva asiyejua hukanyaga mafuta kwa hasira, na hapo magurudumu manne huchimba badala ya mawili, mpaka gari likalala kwa tumbo. Nguvu isiyo na maarifa humwongezea mtu kasi ya kujichimbia shimo.

Miongoni mwa watu wa mwanzo walioutambua ukweli huu ni Ralph Bagnold, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyewahi kukaa Misri katika miaka ya 1920. Yeye na wenzake waliingia katika jangwa la Libya kwa magari madogo ya Ford, yaliyokuwa yakisukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Katika safari zao za mwaka 1929 na 1930 walipanda vilima vya mchanga ambavyo watu wengi walidhani havipitiki kwa gari. Silaha zao zilikuwa tairi zilizopunguzwa upepo, vipande virefu vya chuma vya kutandika mbele ya gurudumu lililozama, na subira ya kuusoma mchanga kabla ya kuukanyaga. Baadaye Bagnold aliandika kitabu cha elimu kuhusu upepo na mwendo wa mchanga, kilichochapishwa mwaka 1941, ambacho wataalamu hukirejea hata leo. Basi ikiwa magurudumu mawili yenye maarifa yaliweza, magurudumu manne yasiyo na maarifa hayana udhuru.

Maarifa yenyewe si siri. Tairi ambalo juu ya lami hutiwa upepo wa ratili 35 hivi kwa inchi ya mraba, mchangani hupunguzwa hadi karibu 18 au 20, ili litanuke na kuugawa uzito. Mwendo uwe wa wastani usiobadilika ghafla, bila kukata usukani kwa nguvu wala kukanyaga breki kwa kishindo. Kilima hupandwa na kuteremkwa kwa kunyooka, kwani gari linalokwenda mshazari huweza kupinduka. Kabla ya kuvuka kilele, dereva hushuka akatazame kwa macho yake upande wa pili, ambao aghalabu ndio wenye mteremko mkali. Waswahili walikwisha kunena: mbio za sakafuni huishia ukingoni. Na akishatoka mchangani, aongeze upepo tena kabla ya kushika kasi barabarani.

Sasa tuigeukie hasara ya pili, ambayo ndiyo kubwa zaidi. Mwenye gari la jangwani akikosea, aghalabu hujidhuru mwenyewe. Kisiwani sivyo, kwa sababu kilima cha mchanga cha kisiwani kina kazi. Kwanza ni ukuta: mawimbi ya bamvua na dhoruba hukutana nacho kabla ya kufika mashambani na majumbani. Pili ni tangi. Mvua ikinyesha juu ya mchanga hupenya upesi, na maji hayo matamu hukaa chini yakielea juu ya maji ya chumvi. Watu wa Lamu wanalijua jambo hili, kwani visima vinavyoupa mji wao maji viko katika eneo la vilima vya mchanga vya Shela.

Ukuta huo na tangi hilo hushikiliwa na vitu dhaifu kabisa: mizizi ya majani na mimea itambaayo kama mlakasa. Magurudumu yakipita mara kwa mara mahali pamoja, mmea hufa, mchanga ukabaki wazi, na upepo ukauhamisha. Ufukweni nako, kasa wachanga wanaotoka katika mayai huanguka ndani ya mitaro ya magurudumu, wakashindwa kuifikia bahari.

Wenzetu wameyaona haya na wamechukua hatua. K'gari, katika jimbo la Queensland nchini Australia, ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani kilichoumbika kwa mchanga. Urefu wake ni kiasi cha kilomita 120. Kiliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1992. Huko magari ya magurudumu manne yanaruhusiwa, lakini kwa kibali cha kulipia, na katika ufukwe na njia zilizotengwa tu. Juu ya vilima na mimea yake ni marufuku. Madereva huaswa wasiendeshe ufukweni katika muda wa saa mbili kabla na saa mbili baada ya maji kujaa. Afrika Kusini ilikwenda mbali zaidi: kanuni zilizoanza kutumika Januari 2002 zilipiga marufuku kuendesha magari ya starehe katika eneo la pwani, isipokuwa kwa vibali maalumu au mahali palipoidhinishwa.

Visiwa vyetu ni vidogo kuliko K'gari, na mchanga wetu ni haba. Kwa hiyo haja yetu ya nidhamu ni kubwa zaidi. Halmashauri ziweke alama za njia ambazo gari laweza kuufikia ufukwe, na vilima vyenyewe vifungwe kwa magari yote, yakiwemo ya Serikali. Dereva wa umma asikabidhiwe ufunguo kabla ya kufunzwa mambo tuliyoyataja, kwa maana gari linaloharibika mchangani limenunuliwa kwa jasho la mkulima na mvuvi. Wenye mahoteli wawaeleze wageni wao mapema. Na wananchi wasione haya kumwambia dereva, awe na cheo gani, kwamba hapo anapotaka kupanda ndipo kisima cha watoto wao.