Maana ya Jina Napolo

Nataka kuwaeleza habari za jina moja ambalo nililicheka siku ya kwanza nilipolisikia, na hata leo naona haya.

Ilikuwa Machi 2023. Mwenzangu wa bwenini, ambaye kwao ni Blantyre chini ya mlima Soche, aliletewa habari kwamba nyumba ya shangazi yake imefukiwa na tope. Nilipomwuliza kumetokea nini, alijibu, "Napolo amepita." Mwingine akanifasiria kuwa Napolo ni joka kubwa likaalo chini ya mlima. Mimi nimelelewa Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyoko Dowa, na wazazi waliotoka Kongo. Kwetu joka ni la hadithi za watoto. Nikacheka. Mwenzangu akanipa mgongo.

Tangu siku ile nimewauliza wengi, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza tulitazame neno joka lenyewe. Kiswahili hulitoa katika nyoka, kama jumba litokavyo katika nyumba. Wachewa husema njoka, na wakitaka kulikuza husema chinjoka. Wanyarwanda husema inzoka, na joka huliita ikiyoka. Kote huko jambo ni moja: mnyama tumjuaye ameongezwa ukubwa.

Napolo hakuitwa hivyo. Yeye ana jina lake mwenyewe. Katika Chichewa, Na- ya mwanzoni hutumika katika majina ya watu na ya watendaji: Mungu Muumba huitwa Namalenga, na binti wa ukoo wa Banda huitwa Nabanda. Kwa hiyo masikioni mwa watu Napolo ni kama mtu: huja, hupita, na hurudi. Wazee husimulia kwamba hukaa chini ya milima ya Kusini, kama Zomba na Mulanje, na siku akihama mlima hupasuka, maji na mawe yakashuka pamoja. Kutokana na hayo jina likapata maana ya pili, yaani maafa yenyewe. Mafuriko na maporomoko hayo nayo huitwa Napolo.

Hivyo ndivyo watu walivyoyaita maafa ya Zomba ya Desemba 1946, mji huo ulipokuwa makao makuu ya serikali ya kikoloni. Marehemu Steve Chimombo, mshairi aliyezaliwa Zomba mwaka 1945, alikiita kitabu chake cha mwaka 1987 Napolo Poems. Miaka minne baadaye, Machi 1991, mawe na tope vilishuka kutoka mlima Michesi na kuwaua mamia ya watu huko Phalombe. Jina likawa lile lile.

Mwaka 2023 maafa yalikuwa na majina mawili. Serikali, ambayo ofisi zake kuu ziko Capital Hill hapa Lilongwe, ilitangaza hali ya maafa Kusini tarehe 13 Machi kwa sababu ya kimbunga Freddy. Jina Freddy lilitolewa Februari na wataalamu wa hali ya hewa wa Australia, ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Watu zaidi ya 600 walikufa katika Malawi, na mamia wengine hawakuonekana.

Ndugu zangu, majina haya hayafanyi kazi moja. Freddy ni jina la kimbunga kimoja, nacho kimekwisha. Napolo ni jina la kitu kinachorudi, na tena linatuambia kitapita wapi: kutoka mlimani, kwa njia ya bondeni. Wataalamu nao hutueleza sababu: mlima mkali uliokatwa miti, udongo ukishiba maji, huteremka. Sisi wa Dzaleka tulipaswa kujua kwamba jina huhifadhi mambo. Pale palikuwa gereza kabla ya kufanywa kambi mwaka 1994, na hata leo jina ni la mtu anayeahidi kuwa ataacha makosa.

Nilimwomba mwenzangu radhi kabla ya likizo. Aliniambia kuwa shangazi yake hakuonekana, na kwamba jamaa zake wamehamia upande mwingine. Pale alipopita Napolo hawajengi tena.