Sumaku, Dhahabu na Nuru

Nuru husafiri kwa mtikiso, na mtikiso huo waweza kuchujwa hata ukabaki wa upande mmoja tu, kama kamba itikiswayo juu na chini pasipo kwenda kando. Katika mwaka wa 1845, mjini London, Michael Faraday alipitisha nuru ya namna hiyo katika kioo kizito chenye risasi, kando ya sumaku ya umeme, akaona upande wa mtikiso umegeuka. Hapa yafaa tuchague neno kwa uangalifu. Kusema nuru “imepinda” ni kukosea, maana njia yake hubaki imenyooka; heri tuseme mtikiso wake “umesokotwa”.

Ajabu yenyewe imo katika kurudi. Maji ya sukari nayo huusokota mtikiso, lakini nuru ikirudishwa kwa njia ile ile msokoto hufunguka. Msokoto wa sumaku haufunguki, bali huongezeka. Ukiwa digrii 45 kwa kwenda na 45 kwa kurudi, jumla ni 90, na kichujio kilichoko mlangoni huizuia nuru isitoke. Kwa hila hii leza hulindwa na nuru yake yenyewe iliyoakisiwa.

Taabu ni kwamba msokoto ni hafifu, hutaka kipande kinene, nacho hakienei katika vyombo vipimwavyo kwa nanometa. Ndipo dhahabu ilipotafutwa. Elektroni zake huyumba pamoja na nuru, mfano wa maji chomboni, na mawimbi hayo, yaitwayo plazmoni, huikusanya nuru mahali pembamba mno. Jamaa ya jambo hili huonekana katika kikombe cha Lycurgus, kazi ya Warumi ya karne ya 4, kilichomo British Museum: kwa chembe za dhahabu na fedha, kioo chake ni kijani kikimulikwa kwa nje, na chekundu nuru ikipenya.

Lakini dhahabu karibu haiitikii sumaku. Nikeli na kobalti huitikia sana, ila huimeza nuru. Hapana budi kuoanisha. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kuwa nyaya nyembamba za dhahabu juu ya utando wa ganeti yenye chuma ziliuongeza msokoto karibu mara 9. Hata hivyo haukufika digrii 1, na dhahabu nayo hugeuza sehemu ya nuru kuwa joto. Ndiyo maana wengine wameanza kujaribu silikoni mahali pake.