SIFONGO NI MNYAMA, SI DODOKI

Sisi tuliopo Likuni, pamoja na ndugu zetu wa Dzaleka, tuko mbali na bahari, lakini dodoki la kuogea twalijua. Dodoki ni tunda la mmea. Sifongo wa baharini, auzwaye madukani kwa kazi hiyo hiyo, ni mnyama. Kutojua jambo hilo ndiko kunakowafanya baadhi ya wafugaji wa samaki wa mapambo wamuue bila kukusudia.

Tumtambueje? Tusidanganywe na rangi wala umbo, kwani sifongo wa aina moja waweza kuwa na sura mbalimbali. Tutazame matundu. Mnyama huyu hana kinywa, moyo wala ubongo. Huvuta maji kwa vitundu vidogo visivyohesabika, akachuja bakteria na chembe za chakula, kisha akayatoa kwa tundu kubwa. Hata Ziwa Malawi lina sifongo wa maji baridi, washikamanao na mawe.

Anayemfuga ndani ya tangi la kioo hana budi kuzingatia mambo manne. Kwanza, asimtoe majini, kwani hewa ikinasa vitunduni, sehemu hiyo hufa. Pili, maji yatembee. Tatu, mwani na tope visimfunike. Nne, apate chakula, maana maji yaliyochujwa kupita kiasi humuua kwa njaa. Sehemu ikioza ikatwe upesi, isije ikachafua tangi zima.

Mfano bora tunaupata Jambiani, Unguja. Akina mama wa huko walitegemea kilimo cha mwani, kilichoanza Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980. Bahari ilipozidi joto, mwani ukaanza kuharibika. Ndipo baadhi yao, wakisaidiwa na shirika lenye asili ya Uswisi, walipogeukia ufugaji wa sifongo. Wapo waliolazimika kwanza kujifunza kuogelea. Hukata vipande vya sifongo, wakavitungika kwenye kamba baharini na kuvisafisha mara kwa mara, hadi vikue vya kuuzwa. Hawanunui chakula, bahari yenyewe hulisha.

Basi, asiyeweza kumlisha sifongo nyumbani heri amwache baharini. Huko hujilisha mwenyewe, naye huwalisha watoto wa Jambiani.