Miguu na Umbali (5): Siku Iliyo Ndefu Kuliko Zote

Oktoba 2025 Kitengo cha Uadilifu wa Riadha kilimfungia Ruth Chepng'etich miaka 3, kwa sababu ya dawa ya kuongeza mkojo iliyopatikana katika sampuli yake ya Machi mwaka huo. Rekodi yake ya marathoni, saa 2:09:56, aliyoiweka Chicago mwaka 2024, haikufutwa. Tangu hapo, vijana wa Wusi, hapa Taita, wanaojiandaa kwa mbio ndefu huzungumzia dawa tu: nani kakamatwa, nani bado. Swali langu ni jingine. Kwa nini anayetaka kukimbia kilomita 21 mwezi Desemba hataki kuanza Juni?

Waliofuatana nami tangu sehemu ya kwanza wanajua kwa nini moyo na mapafu hutangulia kuzoea mazoezi, na kano na mifupa vikafuata nyuma kwa miezi. Sitayarudia hayo. Leo ni zamu ya umbali wenyewe, na hapa Taita mtu hawezi kuuzungumzia umbali akawaacha wapagazi.

Katika karne ya 19 msafara uliotoka Mombasa kwenda Uchagani ulipitia Rabai, Samburu na Taru, ukavuka nyika kavu hadi Maungu, ukashika Ndara, kisha Bura, na hatimaye Taveta. Mpagazi alibeba kama frasila 2, yaani kilo 32, mbali na mkeka na posho yake. Watu hao hawakuanza kwa mwendo mrefu. Desturi ya misafara ilikuwa kutoka mjini siku ya kwanza, kwenda kidogo tu, na kupiga kambi. Aliyesahau kitu alirudi kukichukua, mzigo uliokaa vibaya ulifungwa upya, na bega lililolegea kwa starehe za Pwani likapata habari ya kazi iliyolisubiri. Safari ndefu zilikuja baadaye. Iliyoogopwa zaidi ni telekeza: msafara huondoka alasiri, watu wameshakula na vibuyu vimejaa, hulala njiani pasipo na maji, na kuyafikia maji kesho yake. Na walipofika Taveta hawakuona haya kupumzika siku nyingi kabla ya kusonga mbele.

Tazama pia safari za mmisionari Johannes Rebmann. Oktoba 1847 alikwenda Kasigau akarudi. Aprili 1848 aliondoka na kiongozi Bwana Kheri na wapagazi wachache, akapita Bura, na tarehe 11 Mei akauona Kilimanjaro na theluji yake. Katika safari iliyoanza mwisho wa mwaka huohuo alifika Machame. Hadi hapo kila safari ilikuwa imeipita ile iliyotangulia. Aprili 1849 akakusudia kuruka hadi Unyamwezi. Aliishia Machame, mali yake ikamalizikia mikononi mwa mtawala wa huko, Mangi Mamkinga, akarudi Rabai mgonjwa na mikono mitupu. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Wanariadha wetu wakubwa waliijua kanuni ya kuongeza umbali kidogo kidogo. Paul Tergat alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za nyika mara 5 mfululizo, 1995 hadi 1999, akapata fedha 2 za Olimpiki katika mita 10,000, ndipo mwaka 2001 akajaribu marathoni kule London. Rekodi ya dunia, 2:04:55, aliiweka Berlin mwaka 2003. Eliud Kipchoge naye alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003, na marathoni yake ya kwanza, Hamburg, ilisubiri hadi 2013. Vijana hukumbuka saa walizotumia kumaliza. Mimi nahesabu miaka waliyoisubiri.

Sasa sayansi, kwa ufupi. Makocha wamefundisha kwa muda mrefu kwamba jumla ya wiki isiongezwe zaidi ya asilimia 10. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2025, uliofuatilia wakimbiaji zaidi ya 5,200 kwa miezi 18, haukuona kwamba jumla ya wiki ndiyo iliyotabiri majeraha. Kilichoonekana ni ile siku moja. Aliyekimbia kati ya asilimia 10 na 30 kupita mbio yake ndefu kuliko zote za siku 30 zilizotangulia, hatari yake ya kuumia ilipanda kwa asilimia 64. Aliyezidisha zaidi ya mara mbili, hatari ilipita maradufu. Mwili haukusamehe telekeza isiyoandaliwa.

Basi fanya hesabu. Ikiwa mbio yako ndefu ya mwezi huu ni kilomita 10, ya wiki ijayo iwe 11, kisha 12, kisha 13. Kila wiki ya tatu au ya nne punguza, mifupa ipate kujijenga. Kwa mwendo huo kilomita 18 hufikiwa kabla ya miezi 3 kwisha, na Juni hadi Desemba inatosha na kubaki. Kwa anayeishi Wusi kuna nyongeza: kilomita za milimani hudanganya, kwa hiyo pima dakika. Mteremko wa kwenda Mwatate huchosha misuli ya mapaja kuliko mpando, maana misuli hurefuka huku imebeba mwili mzima. Mteremko usiouzoea uhesabu kuwa ni umbali mpya.

Nafasi inakwisha nami sijalisema ombi langu la siku zote. Wageni huonyeshwa makaburi ya askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia pale Voi, Maktau na Taveta, na ni haki ya askari hao. Wapagazi nao wanadai mawe ya njia, kutoka Maungu hadi Taveta, yenye majina ya vituo vyao, na wanafunzi wa shule za barabara hiyo wafundishwe kuyasoma. Mtoto anayejua kwamba mababu walivuka nyika hii kwa kuongeza safari kidogo kidogo hatakubali kwa wepesi maneno ya mwenye chupa ya vidonge.

Juma lijalo: maji na posho ya mkimbiaji.