Kumpeleka bara kijana anayetumia unga: je, ni tiba?



Ndugu Waislamu, katika mambo ambayo wazazi wa Unguja na Pemba huuliza sana ni hili: kijana ameingia katika unga, vitu vya nyumbani vinapotea, majirani wanasema. Je, tumpeleke bara kwa jamaa zake, mbali na maskani na marafiki wabaya?

Tuchukue mfano wa familia ya Mkoani yenye mjomba anayefanya biashara Iguguno, mji mdogo wa wilaya ya Mkalama, mkoa wa Singida, kwenye barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega. Huko kijana hajui mtu, wala hajui unga unauzwa wapi. Je, atapona? Hatuwezi kujibu kabla ya kufahamu dawa hizi zinamfanya nini mtu.

Unga unavyobadilisha tabia

Allah ameweka ndani ya ubongo njia ya kuhisi raha, ili mtu apende chakula, familia na kazi yenye manufaa. Katika njia hiyo hutoka kemikali iitwayo dopamini, na kwayo ubongo hujifunza kulirudia jambo lililoupendeza. Heroini, ambayo ndiyo unga wenyewe, huivamia njia hiyo kwa nguvu kuliko raha yoyote ya kawaida. Ikirudiwa, mwili huizoea. Kete moja iliyokuwa ikitosha huwa haitoshi tena.

Akiikosa, huanza arosto, mara nyingi kabla ya siku moja kwisha: miayo, makamasi, jasho, kuharisha, mifupa kuuma, usingizi kukatika. Makali yake hufika kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua mnamo wiki moja. Wakati huo huo, sehemu ya ubongo inayompa mtu uwezo wa kupima matokeo na kujizuia huwa imedhoofika. Ndiyo maana kijana aliyelelewa vizuri huapa uongo na kuuza mtungi wa gesi wa mama yake. Si kwamba mapenzi kwa mama yamekwisha. Mwili unamdai, na breki hazishiki.

Dawa nyengine zina njia zake. Bangi huvuruga kumbukumbu, na kwa baadhi ya watu huamsha maradhi ya akili. Mirungi huondoa usingizi na kuleta wasiwasi. Pombe huondoa haya na kuzidisha ugomvi.

Kwa nini wanaingia?

Wengine huanza kwa kutaka kujua tu, au kwa kuogopa kuchekwa na wenzao. Wengine wamekosa kazi na siku ni ndefu. Wapo wenye huzuni ya msiba, talaka za wazazi au mambo waliyotendewa utotoni na hawakupata wa kumwambia. Wapo pia waliopewa sigara ya kokteli, bangi iliyochanganywa na unga, wakidhani ni bangi tupu.

Tena unga upo karibu. Heroini ya Afghanistan hupitishwa pwani ya Makran, katika Iran na Pakistan, ikasafirishwa kwa majahazi hadi pwani ya Afrika Mashariki ili ipelekwe kwengine. Sehemu yake hubaki hapa, na wanaoimaliza ni watoto wetu.

Hukumu yake

Katika Suratul Maida, aya ya 90, Allah ameharamisha ulevi na kutuamrisha tujiepushe nao. Neno khamr linatokana na kufunika, kwa sababu ulevi hufunika akili. Wanazuoni, akiwemo Ibn Taymiyya, waliharamisha hashishi kwa msingi huo, ingawa si kinywaji. Unga unaingia humo bila ya shaka, kwani unaharibu dini, nafsi, akili, kizazi na mali, mambo matano ambayo Sharia imekuja kuyalinda.

Hivyo kijana ana dhambi ya kutubia na ana maradhi ya kutibiwa. Tawba haizuii kwenda hospitali, na hospitali haichukui nafasi ya tawba.

Je, safari ya bara inafaa?

Kubadilisha mazingira kuna asili katika dini yetu. Katika hadithi iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, mtu aliyeua watu mia moja alielekezwa na mwanachuoni auhame mji wake muovu. Lakini tuangalie vizuri: mtu yule alikuwa ameshataka kutubia, na hakuambiwa aondoke tu. Alielekezwa kwa watu wema ili amuabudu Allah pamoja nao.

Basi tuipime safari ya Iguguno kwa kipimo hicho. Hatuusemi mji ule kwa ubaya, lakini mji wowote wa barabara kuu hupita watu wa kila aina, na bangi na pombe hazikosekani bara. Kijana akiwekwa nyuma ya duka, mjomba hakuelezwa ukweli kwa kuogopa aibu, anaweza kuacha unga na akashika gongo. Hapo amebadilisha ulevi tu.

Pili, kuna walioanza methadoni, dawa inayonywewa kila siku mbele ya muuguzi ili kuzuia arosto. Ilianza Muhimbili mwaka 2011, na Zanzibar hutolewa hospitali ya Kidongo Chekundu. Anayeitumia akipelekwa Iguguno ghafla anakatiwa tiba. Kituo cha Itega, Dodoma, kipo zaidi ya kilomita 200 kutoka huko. Asisafirishwe kabla ya kituo chake kupanga uhamisho. Wala asiambiwe kuwa methadoni ni ulevi ule ule. Inatolewa na waganga kwa kipimo, kuondoa dhara kubwa kwa jambo lililo jepesi zaidi.

La tatu ndilo linaloua. Akikaa miezi bila ya unga, mwili hupoteza mazoea. Akirudi kwa Idi, akakutana na wenzake na kutumia kiasi kile kile cha zamani, pumzi zinaweza kusimama. Wazazi wanasema kijana alikuwa ameshapona. Kweli alikuwa safi, na usafi huo ndio uliofanya kipimo cha zamani kiwe kikubwa mno kwake. Mkimkuta haamki, anakoroma vibaya au midomo imegeuka rangi, mlazeni ubavu na mkimbizeni hospitali, na mueleze wazi alichotumia. Kuficha aibu dakika hizo ni kumpoteza.

Tufanye nini?

Kwanza, tumuone daktari, kisha tupange makaazi. Soba hauzi zimekuwepo Zanzibar tangu mwaka 2009, na ndani yake wamo walioacha wanaowashika mkono wanaotaka kuacha. Tusimfunge minyororo wala tusimpige. Pia tusimpe fedha mkononi wala tusimlipie madeni ya kete. Tumpe chakula, tumpeleke msikitini akiwa na akili yake, tumtafutie kazi yenye msimamizi.

Ikiwa baada ya hayo yote ameamua kuhama, na Iguguno yupo mjomba anayejua kila kitu, mwenye swala na subira, na kazi inamngoja, basi safari hiyo ina kheri, inshaallah. Na akirudi visiwani, arudi kwa watu waliomuandalia nafasi, si kwa wenzake wa maskani.

Akianguka tena, tusikate tamaa. Wengi huanguka zaidi ya mara moja kabla ya kusimama, na mlango wa tawba haujafungwa.

Tunamuomba Allah awaponye vijana wetu na awape subira wazazi wao. Aamin.

Wabillahi tawfiq.