Mboga za vinyungu: Moto wa jiko hauondoi sumu ya metali

Na Mwandishi Wetu, Njombe

KIANGAZI kinapoingia katika nyanda za juu za Njombe, majani ya vilimani hukauka lakini mabonde hubaki ya kijani. Huko ndiko viliko vinyungu, bustani zinazolimwa kwenye unyevu wa bonde, ambako kabichi, figiri na karoti hustawi wakati mashamba ya juu yakisubiri mvua. Mboga za namna hiyo huliwa mjini Njombe na pia Makambako, kilometa zipatazo 60 kutoka hapa, penye makutano ya barabara kuu ya Zambia na ile ya Songea.

Tatizo la bonde ni kwamba kila kinachomwagwa juu huteremkia humo: maji ya kufulia, ya vyoo vilivyofurika na, kwa mji wa malori kama Makambako, ya karakana.

Wengi wetu huuliza swali moja tu kuhusu majitaka: je, yana vijidudu? Ni swali la haki, maana kipindupindu huua upesi, na jibu lake linafahamika: osha vizuri, pika vizuri. Swali la pili, la kemikali, huulizwa mara chache. Metali haiungui kwa moto wa jiko.

Mmea hunywa maji kwa mizizi na pamoja nayo huchukua madini yaliyoyeyuka. Mzizi unahitaji zinki, na una vijia vya kuipitisha. Kadimiamu, metali iliyotumika katika baadhi ya betri na rangi, inafanana na zinki kikemia hata hupita mlango uleule, ikapanda shina na kutua kwenye majani. Risasi ina tabia nyingine. Hung'ang'ania udongo na mizizi, na ile inayopatikana majani mara nyingi imetua kama vumbi au matone ya maji machafu. Hiyo, kuosha hupunguza. Ndiyo maana mboga za majani huangaliwa kwanza, kisha za mizizi. Matunda ya mti, kama parachichi linaloipa Njombe sifa, kwa kawaida hupokea kiasi kidogo zaidi.

Njombe ina jambo lake la pekee. Udongo wake mwingi una tindikali, nayo chai huupenda udongo wa namna hiyo. Bahati mbaya, katika udongo huohuo kadimiamu huachia chembe za ardhi na kuyeyuka majini, tayari kunyonywa. Kiasi ambacho kwingine kingelala ardhini, hapa hupata njia ya kufika kwenye jani. Chokaa ya kilimo, ambayo mkulima huitafuta kwa ajili ya mavuno, hupunguza pia unyonywaji huo. Samadi na mboji husaidia.

Makala haya hayasemi kwamba mboga za Njombe zina sumu. Yanasema kwamba njia ya sumu ipo wazi, na kwingine imeshapitiwa. Mwaka 1999, watafiti Bahemuka na Mubofu walichapisha matokeo ya kupima mboga za kando ya mito Sinza na Msimbazi jijini Dar es Salaam; walikuta humo metali nzito, zikiwemo risasi na kadimiamu. Huko Japani, mpunga uliomwagiliwa kwa maji ya mto Jinzu, yaliyobeba kadimiamu ya mgodi, uliharibu figo za walaji na kulainisha mifupa yao hadi ikavunjika. Serikali ya nchi hiyo iliutambua rasmi ugonjwa huo mwaka 1968. Kiwango cha kimataifa cha chakula sasa huruhusu miligramu 0.2 tu za kadimiamu katika kilo moja ya mboga za majani.

Dawa za hospitali nazo husafiri. Mwaka 2016, watafiti wa Israel waliwalisha watu 34 wenye afya mboga na matunda. Walipokula yaliyomwagiliwa kwa majitaka yaliyosafishwa, dawa ya kifafa iitwayo kabamazepini ilionekana katika mkojo wao. Kiasi kilikuwa kidogo sana, chini mno ya dozi ya mgonjwa, lakini kilitoka sahanini.

Si haki kumwambia mkulima aache maji hayo bila kumpa mengine. Yana naitrojeni na fosforasi, yaani mbolea ya bure, na huko Mabogini, Moshi, maji ya mabwawa ya majitaka hulimiwa mpunga. Bwawa husaidia kwa kuwa sehemu kubwa ya metali huzama pamoja na tope. Basi tope lenyewe lisitupwe bustanini kabla ya kupimwa.

Kilicho rahisi kuliko vyote ni kuizuia metali isiingie mtaroni. Betri kuukuu ya gari ina thamani, hivyo risasi yake huuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Asidi iliyomo haina mnunuzi. Ikimwagwa kwenye mtaro, hufika bondeni ikiwa imebeba risasi, na huongeza tindikali katika udongo ambao tayari unayo.