Mbona mgonjwa wenu amenona?

Swali hilo limekuja tena wiki hii, kwa ujumbe wa sauti kutoka Riyadh: "Daktari, klipu nimeiona. Lakini mbona mgonjwa wenu amenona hivyo? Nani ataogopa?" (Mimi ni muuguzi, ila tuliache hilo.) Kabla yake lilitoka Jeddah, na kabla ya Jeddah kwa mfadhili aliyetaka tutafute mwigizaji mwembamba.

Mgonjwa wa klipu zetu za VVU amenona kwa sababu anameza dawa. Anayetumia ARV mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Utafiti wa PARTNER, uliochapishwa 2016 na 2019, uliwafuatilia wapenzi ambao mmoja ana VVU na mwingine hana, wanawake kwa wanaume na wanaume kwa wanaume, na haukukuta hata mmoja aliyeambukizwa na mwenziwe wa namna hiyo.

Lakini anayeniuliza haulizi habari ya dawa. Anaamini filamu isiyotisha haifundishi, na imani hiyo imetuharibia kazi tangu ugonjwa uanze. Mwaka 1987 televisheni za Australia zilimwonyesha Mauti, joho jeusi na mundu mkononi, akivurumisha tufe na kuangusha watu waliopangwa kama pini, kina mama na watoto humo humo. Nchi ilitetemeka. Lawama iliyobaki ni kwamba watazamaji wengi walitoka wakimwona shoga ndiye huyo Mauti. Na sisi je? Katika mikanda yetu mwenye virusi ni changudoa, au mke asiyetulia, au siku hizi kijana wa kiume mwenye mwendo wa kike, na kabla mkanda haujaisha keshazikwa. Mtazamaji anaondoka na nini? Kwamba virusi vina sura, na sura hiyo si yake. Anazima simu akiwa ametulia kuliko alivyoiwasha. Kupima haendi, ila sasa anamjua wa kumnyooshea kidole.

Halafu mnataka tumtishe kadama, mfanyakazi wa ndani anayekwenda Saudia! Kapimwa VVU kabla ya kupanda ndege, atapimwa tena akifika ndipo apate iqama, kibali cha ukaazi, na akikutwa navyo anarudishwa kwao. Hofu anayo ya kutosha. Ukimwongezea fuvu la kichwa atakwenda kwa dalali kununua "dawa ya kusafisha damu". Kipimo kinatafuta kingamwili, na kingamwili hazioshwi na mwarobaini, siki, wala ndimu za soko zima la Kongowea.

Shuga, tamthilia iliyoanzia Nairobi mwaka 2009, haikuhitaji fuvu. Msimu wake wa Nigeria ulipofanyiwa utafiti, vijana waliouona walikuwa na uwezekano mara mbili wa kupima VVU miezi minane baadaye kuliko wenzao. Walichoonyeshwa ni watu kama wao wakipendana, wakidanganyana, wakipima.

Tangu Riyadh ifungue tena majumba ya sinema Aprili 2018, na Jeddah kuanzisha tamasha la filamu mwaka 2021, napata pia wanaotaka klipu zetu zioneshwe ukumbini. Ukumbi gani? Wengi wa makadama ninaowatumia hata Ijumaa ya kupumzika hawana. Sinema yao ni simu ndani ya blanketi saa saba usiku, sauti chini. Kwa hiyo dakika tatu, Kiswahili cha nyumbani, mhusika anapika, anamkumbuka mwanawe, anameza kidonge, anaendelea kupika.

Sheria ya iqama filamu haiibadilishi. Kwa hiyo: pima kwenye kituo cha serikali kabla hujamlipa wakala hata shilingi. Ukikutwa navyo, anza dawa siku hiyo hiyo na safari iahirishe. Walio kwenye dawa wasiache ili "wapite". Kingamwili zitabaki na virusi vitapanda. Ukibakwa, dawa za kinga zina saa 72, na kila saa ina thamani. Ukirudishwa, kutoka uwanja wa ndege nenda kliniki, maelezo ya nyumbani yatasubiri. Na klipu ukiipenda itume bila kuandika chini yake "fulani aone hii".